Matoleo Yamefika?

Kitabu ukishakinunua, kazi ya kukipata imekwisha. Kinafika, kinapigwa muhuri wa shule, kinapewa namba, kinawekwa rafuni. Jarida si hivyo. Jarida unalilipia kabla hujaliona, kisha unalisubiri kidogokidogo mwaka mzima. Kama katika kusubiri huko hakuna anayeandika, ikifika Desemba huwezi kusema kwa hakika kama umepata ulicholipia. Sisi mafrateri wawili tuliopangiwa mwaka wa kichungaji katika parokia moja ya wilaya ya Tandahimba tulijifunza jambo hilo katika kazi ambayo hakuna mlezi aliyetutajia seminarini: kutunza daftari la majarida katika maktaba ya shule.

Shule yenyewe ni ya kata, mojawapo ya zile zilizoota kila mahali nchini baada ya mpango wa sekondari, MMES, kuanza mwaka 2004. Tulikwenda kufundisha vipindi vya Kiswahili na Uraia. Mkuu wa shule alipoona tuna mchana mtupu siku mbili kwa wiki, akamwomba paroko tusaidie pia maktaba. Maktaba ilikuwa chumba kimoja pembeni ya stoo ya jembe na mafagio, chenye makabati mawili ya vitabu vya kiada na maboksi matatu ya majarida yaliyochanganyika. Humo mlikuwa na Fema, lile jarida la Femina Hip ambalo kwa miaka mingi limesambazwa bure katika shule za sekondari. Mlikuwa na magazeti ya zamani, na mlikuwa na jarida moja la kila mwezi kutoka Dar es Salaam, la sayansi na maarifa, ambalo lililipiwa.

Lililipiwa na nani? Hapo ndipo penye uzito. Mwaka uliotangulia, baada ya malipo ya korosho, jumuiya ndogondogo za parokia zilichanga fedha kwa ajili ya maktaba ya shule. Wakristo huku ni wachache. Wengi wa wanafunzi wale ni Waislamu. Walei walijua hivyo walipotoa, na ndiyo sababu hawakuchagua jarida la dini. Walisema watoto ni wa kijiji, nasi tunakaa kijijini. Wakatoa, ada ya mwaka ikatumwa kwa simu, na baada ya hapo hawakusikia neno lolote. Tulipofika Januari, ada ya mwaka wa pili ilikuwa imekwisha kutumwa, lakini manung'uniko yalikuwa yameanza.

Jumapili yetu ya pili pale, mama mmoja ambaye ni mweka hazina wa jumuiya alitusimamisha nje ya kanisa. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, “Wanangu mafrateri, yale matoleo yetu yalifika?” Tulitazamana. Hatukujua anauliza fedha zilizochangwa au majarida yenyewe. Kiswahili chetu kinaviita vyote viwili kwa neno moja: kile Mkristo anachopeleka altareni ni toleo, na kile mchapishaji anachotoa kila mwezi ni toleo. Baadaye tuliona kwamba mama yule hakuwa na haja ya kutenganisha. Kwake ilikuwa ni safari moja: toleo limetoka mkononi mwake, linapaswa kurudi kama toleo mkononi mwa mtoto. Alichotaka kujua ni kama njiani halikupotea.

Tukanunua kaunta buku.

Kila jarida tulilipa kurasa mbili zinazotazamana. Juu ya ukurasa wa kushoto tuliandika jina la jarida, mchapishaji, anwani na simu yake, hutoka mara ngapi kwa mwaka, ada kiasi gani, imelipwa lini, namba ya risiti, usajili unaanza toleo lipi na unaishia lipi. Ukurasa wa kulia tulichora visanduku 12, kimoja kwa kila mwezi. Toleo likifika, tunaandika ndani ya kisanduku namba ya toleo na tarehe lilipotufikia. Tarehe ya kufika, si mwezi uliochapwa kwenye jalada. Mwezi wa jaladani unaujua hata kabla hujapokea, na haukuambii chochote kuhusu posta. Basi. Huo ndio ufundi wote, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anauweza.

Faida ya visanduku ni kwamba kilicho kitupu kinaonekana. Rafu haina tabia hiyo. Ukitoa majarida matano rafuni, yaliyobaki yanaegemeana na rafu inaonekana imejaa vilevile. Tuligundua kwamba maboksi yale matatu yalikuwa yamewatuliza watu kwa sababu yalikuwa mazito. Tulipoyamwaga na kuyapanga kwa mwezi, jarida la kulipia la mwaka uliotangulia lilitoa matoleo 7 kati ya 12. Matano hayakuwepo, na hakuna binadamu aliyeweza kutuambia kama hayakutumwa, au yalipotea njiani, au yalifika yakaazimwa yasirudi. Mchapishaji naye, tulipompigia, alituambia kwa adabu kwamba madai ya nakala zilizokosekana hupokelewa ndani ya miezi michache tu; baada ya hapo hana tena nakala za kutuma. Hilo si la ajabu. Hakuna anayeweza kuweka ghala la majarida ya mwaka mzima akisubiri mtu akumbuke.

Wenyeji wa Tandahimba hawakuhitaji mahubiri ya kuwaeleza maana ya karatasi. Tangu msimu wa 2007/2008 mkoa wa Mtwara unauza korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa, anapewa karatasi yenye kilo zake. Korosho huenda ghala kuu, zinapigwa mnada, na yeye anasubiri fedha benki. Kati ya mzani na benki hana kitu mkononi isipokuwa ile karatasi. Mzee asiyejua kusoma kabisa anaitunza ndani ya Kurani au ndani ya kitabu cha sala, na ukimwambia kilo zilikuwa pungufu atakuonyesha. Tulipomweleza mzee mmoja wa parokia kwamba jarida nalo limelipiwa lakini bado liko njiani, na kwamba daftari letu ndiyo stakabadhi yake, alicheka. “Kwa nini hamkusema hivyo toka mwanzo?”

Kwa Kanisa pia jambo hili si geni, ingawa mara nyingi tunalichukulia kama kazi ya karani. Kanuni ya 535 inaidai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Kanuni ya 1284 inawadai wanaosimamia mali za Kanisa watunze vizuri vitabu vya mapato na matumizi. Na kanuni ya 1267, tuliyoisoma darasani haraka tukipita, inasema kwamba waamini wakitoa kitu kwa kusudi maalumu, kitumike kwa kusudi hilo tu. Tulipoisoma seminarini tulifikiri ni habari ya majengo na mashamba. Kumbe inagusa jarida la Machi. Kama jumuiya imetoa ili mtoto asome, na jarida liko chini ya godoro la mtu, kusudi halijatimia hata kama fedha haikuibwa na yeyote. Hata Injili ya Yohane, katika ule uvuvi baada ya ufufuko, inatuambia samaki walikuwa 153. Maana yake kuna mtu, katika furaha yote ile ya kumwona Bwana ufuoni, aliyekaa chini akawahesabu. Hatujasikia mhubiri yeyote akimsifu huyo.

Turudi kwenye daftari. Januari na Februari vilijazwa bila shida. Machi kikabaki kitupu, Aprili nacho. Ilikuwa masika, na tulisema ni barabara. Bahasha ya kutoka Dar es Salaam inasafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Mtwara, kisha inapanda uwanda wa Makonde kwa barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi. Barabara hiyo yote ni kilomita 210, na lami ilianza kwa kilomita 50 za kwanza, mpaka Mnivata. Anayeijua ile sehemu iliyobaki wakati wa mvua atasamehe bahasha ikichelewa wiki tatu. Tukaandika kwa penseli “mvua?” ndani ya visanduku vyote viwili.

Haikuwa mvua. Mwishoni mwa Mei mfanyakazi anayechukua barua za shule posta alituapia kwamba alileta bahasha mbili kubwa mwezi Aprili, akaziacha meza ya ofisi ya walimu. Tukauliza taratibu, bila kumtazama mtu usoni. Siku ya pili mwalimu mmoja wa sayansi alizileta zote mbili, zimefungwa kwa mpira, na ndani yake vipande vya karatasi vikionyesha kurasa. Alikuwa amezitumia nyumbani kuandaa maswali ya kidato cha nne, kwa sababu kitabu cha kiada kilikuwa kimoja na kilikuwa kwa mwenzake. Tungesema nini? Majarida yalikuwa yamefanya kazi nzuri kuliko yangefanya kabatini. Lakini wanafunzi hawakuwahi kuyaona, na mchapishaji alikuwa karibu kudaiwa nakala alizokwisha kutuma. Tukaongeza safu moja daftarini: nani alichukua posta, nani alipokea shuleni. Mwalimu yule akawa wa kwanza kutia sahihi kwenye orodha ya kuazima, na nadhani ilimpendeza kwamba hakuna aliyempigia kelele.

Kisanduku kitupu kwa hiyo kinasema jambo moja tu, kwamba jarida haliko hapa. Hakisemi kwa nini. Ukikimbilia kumshuku mchapishaji utamdai bure, na ukikimbilia kumshuku mwenzako utaharibu undugu wa ofisi kwa sababu ya mfuko wa posta uliokwama Mtwara. Inabidi uulize hatua kwa hatua ukirudi nyuma, kutoka rafuni hadi mtambo wa uchapaji.

Tatizo la pili lilikuwa la hesabu, na tunalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu tunaamini limezila shule nyingi bila kujua. Bahasha ya Mei ilikuwa na karatasi ndogo ya anwani, na chini ya anwani imechapwa: mwisho wa usajili, Novemba. Risiti yetu ilisema tumelipa Januari kwa matoleo 12. Ukihesabu Januari hadi Novemba unapata 11. La kumi na mbili liko wapi? Tulipopiga simu, dada aliyepokea alitafuta kwenye kompyuta akasema usajili wetu ulianzia toleo la Desemba, lililokuwa jipya siku fedha zilipoingia. Toleo hilo la Desemba halikuwahi kutumwa kwetu. Hakukuwa na hila hapo. Mashine ilianza kuhesabu mahali pamoja, nasi mahali pengine. Tulimsomea namba ya risiti na tarehe tuliyopokea toleo la kwanza, na kabla muda wa maongezi haujaisha akawa amesogeza mwisho hadi Desemba. Bila daftari tungesema nini? Tungesema “sisi tunaona kama limepungua moja”, naye angetujibu kwamba kwake hesabu imetimia.

Ndugu zetu walioko seminari kubwa watasema siku hizi kuna programu za kazi hii. Ni kweli. Koha, iliyozaliwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, ni ya bure na vyuo kadhaa vya nchi yetu vinaitumia. Ukiiambia jarida hutoka kila mwezi au mara nne kwa mwaka, yenyewe inakuandalia matoleo yatakayokuja na kukuonyesha lililochelewa. Kwa maktaba ya seminari yenye majarida ya kitaalimungu kama AFER, iliyoanzia Katigondo, Uganda, mwaka 1959, tunaiunga mkono kabisa. Toleo moja likikosekana katikati, mwandishi wa tasnifu atalilia. Kwa shule yetu yenye majarida matatu na umeme wa kubahatisha, kaunta buku inatosha. Programu nayo haijazi kitu kama hakuna anayefungua bahasha.

Tukiwa katika hilo, uwanda huu si mgeni wa majarida. Wamisionari wa UMCA, ndugu zetu Waanglikana, walifungua Masasi mwaka 1876 na baadaye Newala. Jarida lao la Msimulizi lilipoanza mwaka 1888 huko Kiungani, Unguja, lilibeba habari za vituo vya bara, vya huku vikiwemo. Baadaye likaja Mambo Leo la serikali mwaka 1923, na kwa upande wetu Wakatoliki Kiongozi mwaka 1950 kutoka Tabora. Anayetaka leo kujua watu walizungumza nini wakati ule anategemea kwamba mahali fulani kuna mtu aliyeona toleo limepungua, akalidai. Hatudai kwamba jarida letu la sayansi litatafutwa na wanahistoria. Lakini wala wale hawakudhani hivyo.

Mwezi Agosti halmashauri ya walei ilikaa kuamua kama mwakani watachanga tena. Hoja dhidi yake zilikuwa nzito, na tulizisikiliza kwa heshima. Maji kwenye uwanda huu ni shida ya miaka yote. Mzee mmoja alisema afadhali fedha hiyo inunue tangi la kuvunia mvua pale shuleni, maana mtoto mwenye kiu hasomi sayansi. Mwingine alisema walishatoa mwaka mmoja na hawakuona kitu. Mama mweka hazina hakusema lolote. Alituangalia tu.

Tukafungua daftari tukasoma. Mwaka uliopita: matoleo 12 yalilipiwa, 7 yapo, 5 hatujui yalipo wala hatuwezi kuyadai tena. Mwaka huu mpaka sasa: matoleo 8 yalipaswa kufika, 7 yapo, moja la Juni linadaiwa. Tukasoma pia orodha ya kuazima. Fema ndilo lililochakaa kuliko yote. La sayansi liliazimwa zaidi na kidato cha tatu na cha nne. Jarida la tatu, ambalo mfadhili mmoja wa nje alikuwa akituletea kwa Kiingereza kigumu, halikuazimwa na mtu hata mmoja.

Kimya kilichofuata hakikuwa cha furaha. Kusikia “hatujui” mbele ya watu waliotoa fedha za korosho ni kugumu, na baba mmoja alitaka kujua nani anawajibika. Paroko alijibu kwamba hata yeye hajui, na kwamba angalau sasa wanajua idadi ya wasichokijua. Hapo mama mweka hazina akazungumza. Alisema mwaka jana aliulizwa na majirani zake, Waislamu, kama Wakristo kweli walilipia yale majarida au ni maneno tu, naye hakuwa na jibu. Sasa anataka kurasa zile zipigwe picha kwa simu ili awaonyeshe, hata zile za matano yaliyopotea. “Wakiona tumeandika na tulichopoteza, watatuamini kwa tulichopata.”

Waliamua kuchanga, lakini kidogo: jarida la sayansi lilipiwe, na kinachobaki kiende kwenye tangi. Mfadhili wa lile la Kiingereza aandikiwe barua ya shukrani na ombi la kusitisha. Sisi tuliona ni uamuzi wa haki, ingawa mmoja wetu alikuwa na matumaini ya majarida mawili.

Jambo moja tuliwaomba wasilihukumu kwa orodha ya kuazima pekee. Oktoba na Novemba uazimaji ulikuwa umeshuka karibu kwisha mwaka uliotangulia, na mtu angesema watoto wamechoka kusoma. Huo ndio msimu wa kuokota korosho, na Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa. Mtoto aliyeshinda mikoroshoni tangu alfajiri hawezi kuazima jarida, na matoleo yaliyokuja miezi hiyo tuliyarudisha juu ya meza Januari kana kwamba ni mapya.

Sisi tulijua kwamba mwaka wetu unaisha, na daftari linalotegemea mafrateri wa mwaka mmoja litakufa na mwaka huo. Kwa hiyo tangu Septemba tulilikabidhi kwa wanafunzi wawili wa kidato cha pili, chini ya mwalimu wa maktaba. Mmoja, binti wa hapa hapa kijijini, alikuwa mkali kuliko sisi. Alikataa kuandika toleo mpaka alishike mwenyewe. Mwalimu mkuu alipomwambia liko ofisini kwake, akajibu, “Shikamoo, mwalimu, naomba nilione.” Akaoneshwa.

Siku ya kukabidhi rasmi, wiki ya kufunga shule, tulipitia kurasa pamoja. Visanduku vyote vilikuwa vimejaa isipokuwa Juni. Mchapishaji alikuwa ameahidi mara mbili kulituma tena, na tarehe za simu zote mbili zilikuwa zimeandikwa pembeni. Binti yule akaomba jina la ofisi tuliyozungumza nayo na namba ya risiti, akavinakili ndani ya jalada. Kisha akachukua penseli, na ndani ya kisanduku akaandika kwa herufi ndogo: “Januari, shule ikifunguliwa, piga tena.”